Shamba Likawa Mji: Namna Kiingereza Kinavyosema Mambo Yageukapo

Mwendo wa kutoka Nairobi kwenda Thika ni kilometa 40 na kitu, na katika njia hiyo yote hakuna jambo lionekanalo zaidi kuliko kugeuka kwa vitu. Palipokuwa na mibuni pamesimama nyumba za ghorofa. Palipokuwa na kambi ya askari pana Chuo Kikuu. Barabara iliyokuwa nyembamba ilipanuliwa kati ya mwaka 2009 na 2012 hata ikawa njia kuu ya magari mengi. Mtu atakaye kueleza hayo kwa Kiswahili ana maneno machache, nayo yamtosha: kuwa, kugeuka, kugeuza, kubadilika. Lakini akishika kalamu aandike kwa Kiingereza, huona kwamba Waingereza wana maneno mengi kwa jambo hilo, na kila neno lina mahali pake. Akiliweka moja mahali pa jingine, barua yake yaweza kusema neno ambalo yeye hakulikusudia hata kidogo.

Tena jambo hili si la darasani tu. Hati za mashamba, mapatano ya mikopo, matangazo ya ardhi na barua za kuomba kazi, nyingi katika hizo zaandikwa kwa Kiingereza. Katika hati ya namna hiyo, neno lisemalo kwamba kitu fulani kitageuka kuwa kingine ndilo mara nyingi libebalo faida ya mtu au hasara yake.

Chukua kwanza kosa lililo la kawaida kuliko yote. Neno la Kiswahili "kuwa" lina kazi mbili. Lasema hali ya kitu, na lasema pia kuingia kwa kitu katika hali hiyo. "Alikuwa mwalimu" ni habari ya hali ya zamani. "Akawa mwalimu" ni habari ya kuingia katika kazi. "Amekuwa mwalimu" ina maana kwamba zamani hakuwa, na sasa ni mwalimu. Lakini "amekuwa mwalimu kwa miaka kumi" yasema habari ya kukaa katika kazi. Mswahili hapotei, kwa sababu maneno yanayofuata humwonyesha njia. Kiingereza hakikubali jambo hili. Kuingia katika kazi ni "he has become a teacher". Kukaa ndani yake ni "he has been a teacher". Basi karani aliyepandishwa cheo mwezi uliopita, naye akaandika katika barua yake "I have been a senior clerk", amesema kwamba wakati fulani maishani mwake alipata kuwa karani mkuu. Msomaji wa barua ile aweza kuuliza, kwa nini aliondolewa?

Mtu wa Kikuyu ana msaada nyumbani kwao, kama angeukumbuka. Lugha yake ina neno "gũtuĩka", ambalo kazi yake ni kuingia katika hali tu, wala halichanganyiki na neno la kuwa. Mtoto wa Ruiru anayesitasita kati ya "been" na "become" na ajiulize kwanza angesemaje kwa mama yake. Ikiwa angetumia "gũtuĩka", basi Kiingereza chake ni "become". Ni ajabu kwamba watoto wengi hupitisha Kiingereza chao katika Kiswahili, na hali mlango wa karibu zaidi uko wazi.

Neno "become" lenyewe limetokana na neno la zamani sana la Kiingereza lililokuwa na maana ya kufika mahali. Hata leo ndani yake mna "come", yaani kuja. Ndiyo sababu neno hili latazama mwisho wa safari, halitazami njia wala mwendeshaji. Sura zake ni tatu, na ya tatu yafanana na ya kwanza: "become, became, become". Wengi huandika "has became", na hilo ni kosa. Kosa la pili hutokana na Kiswahili. Kwa kuwa sisi husema "nchi iligeuka kuwa Jamhuri", mwanafunzi huandika "became to be a republic". Ndani ya "become" tayari mna "kuwa", kwa hiyo halitaki jingine. Mwaka 1963 "Kenya became independent". Mwaka 1964 "Kenya became a republic". Sentensi ya kwanza imefuatwa na neno la sifa, ya pili imefuatwa na jina, na jina hilo limetanguliwa na "a". Ni hayo tu.

Sasa yafika maneno "turn into", na hapa ndipo penye mambo mengi zaidi. Huko Kahawa, kati ya Nairobi na Ruiru, palikuwa na kambi ya jeshi la Waingereza iliyoitwa Templer Barracks. Mwaka 1965 kambi ile ilikabidhiwa Serikali ya Kenya, ikafanywa chuo kilichoitwa Kenyatta College, na mwaka 1985 chuo hicho kikawa Chuo Kikuu kamili. Habari hiyo moja yaweza kuandikwa kwa namna tatu. "The barracks became a college", yaani kambi ikawa chuo. "The barracks were turned into a college", yaani kambi iligeuzwa kuwa chuo. "The Government turned the barracks into a college", yaani Serikali iliigeuza kambi kuwa chuo. Zote tatu ni za kweli, lakini hazisemi sawasawa. Ya kwanza yaonyesha kama kwamba kambi ilijigeukia yenyewe, kama jani ligeukavyo rangi. Ya pili yakiri kwamba pana mkono uliofanya kazi, lakini mkono hautajwi. Ya tatu yamtaja mwenye mkono.

Kiswahili huonyesha tofauti hii mwishoni mwa neno lenyewe: geuka na geuza, chemka na chemsha, anguka na angusha. Asikiaye "geuka" hajui kuwa pana mtu. Asikiaye "geuza" ajua. Kiingereza hutumia neno lile lile pande zote mbili. "The water boiled" ni maji yalichemka, na "the woman boiled the water" ni mwanamke aliyachemsha. "The estate turned into a town" ni shamba liligeuka mji, na "they turned the estate into a town" ni watu waliligeuza. Hakuna herufi hata moja katika "turned" itakayomsaidia msomaji. Yampasa atazame ni nini kilichotangulia neno, na ni nini kilicholifuata mara moja.

Si kwamba "become" ni neno la hila. Hata hivyo msomaji mwenye macho ataona ya kuwa hutumiwa sana panapokuwa na mtu asiyependa kutajwa. Karibu na Ruiru kuna mji mpya uitwao Tatu City, ambao umejengwa katika ardhi ya ekari 5,000 hivi, na ardhi ile ilikuwa mashamba ya kahawa. Aandikaye kwamba "the coffee estates became a city" ameandika kweli, lakini amewaacha nje walionunua, waliouza, waliopima, waliotoa ruhusa na waliong'oa mibuni. Akitaka kuwaingiza, lazima aliache neno "become", maana neno hilo halina namna ya kutendwa wala halipokei mtendaji. Hakuna Mwingereza asemaye kwamba kitu "was become by" mtu fulani.

Tahadhari moja juu ya neno dogo "into". Wakulima wengi wa Kiambu, bei ya kahawa ilipokuwa mbaya, walishika ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kwa Kiingereza hao "turned to dairy cattle", yaani waliuelekea ufugaji. Mtu akiandika "they turned into dairy cattle", amesema kwamba wazee wale waligeuka ng'ombe, nao wakakamuliwa. Tena "turn into" yaweza kuwa habari ya njia tu: basi ambalo "turned into a side road" halikugeuka kuwa njia, lilikata kona likaingia. Kwa bahati mbaya mstari wenyewe si mnyofu kabisa, kwa sababu maji yakiganda huweza kusemwa kuwa "turned to ice", na jiwe likisagika, "turned to dust". Hayo ni ya kuzoea kwa kusoma.

Ruiru yajulikana ulimwenguni kwa ajili ya kahawa, na kahawa ni mwalimu mwema wa somo hili, kwa kuwa haitulii katika hali moja. Buni zikiwa mtini huwa kijani, kisha hugeuka nyekundu. Kiingereza chasema "the berries turn red". Kwa rangi, "turn" hufuatwa na neno la sifa peke yake, bila "into". Sasa ugonjwa ule uozeshao buni, ambao wakulima huuita kwa herufi zake CBD, ulionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922. Huushika mti wakati buni zingali changa, nazo hugeuka nyeusi: "the berries turn black". Sentensi hizi mbili ni ndugu kabisa, zatofautiana kwa neno moja tu la rangi, lakini moja ni karo ya shule na nyingine ni deni. Ilikuwa kazi ya watafiti wa Ruiru kuutafuta mti usioshikwa upesi na ugonjwa huo wala na kutu ya majani. Mwaka 1985 wakatoa aina iitwayo Ruiru 11, mti mfupi uwezao kupandwa kwa kukaribiana, na mwaka 2010 ikafuata aina ya Batian. Kituo chenyewe nacho kimegeuka: kilichokuwa Coffee Research Foundation kikawa Coffee Research Institute, chini ya shirika la utafiti wa kilimo la nchi nzima.

Panapokuwa na uharibifu, Waingereza hupenda neno "go". Maziwa yakichacha, "the milk goes sour". Nyama ikioza, "it goes bad". Mtu akipofuka, "he goes blind", na mwenye duka akifilisika, "he goes bankrupt". Kinyume chake ni "come", ambalo mara nyingi huwa la heri: ndoto ikitimia, "it comes true", na mambo yakinyoka, "they come right". Kitu kiendacho kimepotea, kijacho kimefika. Hata asiyejua sarufi aweza kulikumbuka hilo.

Kwa kuiva kwa matunda kuna neno moja zuri, "ripen". Neno la sifa "ripe" limetiwa mwisho wa herufi "-en", nalo limekuwa kitendo. Ndivyo ilivyo kwa "hard" na "harden", "soft" na "soften", "black" na "blacken", "red" na "redden", "wide" na "widen". Nayo maneno haya hufanya kazi pande zote mbili: buni "ripen", na jua "ripens the berries". Lakini mwanafunzi asifikiri ya kuwa amepewa ufunguo wa milango yote. Hakuna "greenen", wala "bluen", wala "dryen". Kitakacho herufi hizo ni neno fupi ambalo mwisho wake una sauti kavu, kama "d" au "t" au "k". Neno liishalo kwa "n", au kwa "l", au kwa sauti ya irabu, hulikataa.

Neno letu "kuiva" lina mtego wake. Sisi husema "buni zimeiva", nasi twamaanisha hali ya sasa, yaani ni mbivu. Vivyo hivyo "nimechoka", "kikombe kimevunjika", "mlango umefungwa". Kiswahili husimulia kugeuka, na hali hujulikana kwa hapo. Kiingereza, mara nyingi, hutaja hali yenyewe: "the berries are ripe", "I am tired", "the cup is broken". Mtu afuataye Kiswahili neno kwa neno huandika "the berries have ripe", ambayo si lugha ya mtu yeyote. Atakaye kusimulia kugeuka kwenyewe na aseme "have ripened". Atakaye kutaja hali na aseme "are ripe". Achague moja.

Thika nayo ina somo lake, katika viwanda. Kwa miaka mingi mji huo umejulikana kwa kutia mananasi makoponi, kutengeneza ngozi, kufuma nguo na kazi nyingine nyingi. Kila kiwanda ni mahali pa kugeuza, na Kiingereza cha kiwandani kina maneno matatu yanayofanana sana. Mkebe "is made of metal": ukiutazama, chuma chenyewe chaonekana. Maji ya nanasi "is made from pineapples": ukiyatazama kikombeni, hulioni nanasi tena. Viatu "are made of leather", bali ngozi hiyo laini "is made from hides", maana ngozi mbichi yenye manyoya imekwisha kupotea ndani yake. Na ukianza kusema habari kutoka upande wa malighafi, neno ni "into": "the pineapples are made into juice". Kwa Kiswahili twasema "kiatu cha ngozi" na "maji ya nanasi" kwa namna ile ile, wala hatulazimiki kujiuliza kama kitu cha kwanza chaonekana bado. Mwingereza hujiuliza kila mara, ingawa mwenyewe hajui kwamba anajiuliza.

Lakini mtu asidhani kwamba lugha ya kigeni ndiyo yenye utajiri siku zote. Mkulima wa Mwea hupanda mpunga, huuza mchele, hula wali. Kitu hicho kinapogeuka, Kiswahili hukipa jina jipya mara mbili. Mwingereza wa kawaida huuita "rice" shambani, "rice" gunia-ni, na "rice" sahanini, naye akitaka kutofautisha hulazimika kuongeza maneno. Katika kahawa mambo hupinduka. Mkulima husema "kahawa" tangu mtini hata kikombeni, bali Kiingereza cha biashara huita tunda lililochumwa "cherry", punje iliyomenywa na kuanikwa "parchment", na punje iliyokobolewa "green coffee". Kuna neno moja limevuka mpaka: "mbuni", jina la mti wenyewe, limeingia katika Kiingereza cha biashara ya kahawa ya Kenya, na humo lina maana ya kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake bila kuoshwa. Mti umegeuka kuwa daraja ya bei, nayo si daraja ya juu.

Maneno mengine yaweza kupitiwa haraka. "Get" ni la mazungumzo, nalo hupenda neno la sifa: "get wet", "get tired", barua ya ofisini hulikwepa. "Grow" ni la polepole: mzee "grows old", jioni "grows dark". "Fall" ni la ghafula: mtu "falls ill", mtoto "falls asleep". Mto ukikauka, "it runs dry".

Hilo "fall" lina jamaa mwenye meno makali, naye hukaa katika hati za mikopo. Deni linapofikia siku ya kulipwa "it falls due", au "it becomes due". Mara nyingi sentensi huwa ya namna hii: "If any instalment is not paid, the whole balance shall become due." Maana yake ni kwamba, fungu moja tu likikosa kulipwa, deni zima lililosalia lageuka kuwa la kulipwa mara moja, hata kama miaka mitatu ilikuwa bado. Mkopaji mwenye haraka huona "instalment" na "balance", maneno ayajuayo, akaruka "shall become". Hapo ndipo penye mzigo wote wa sentensi ile. "May become" ingesema habari ya jambo liwezekanalo tu. "Shall become" haimngoji mtu yeyote.

Katika mambo ya ardhi kuna tofauti ya "is void" na "becomes void". Patano ambalo "is void" halina nguvu tangu lilipotiwa sahihi. Patano ambalo "becomes void" lilikuwa hai, kisha likafa siku fulani, na siku hiyo ni ya kutafutwa katika hati. Sheria ya mwaka 1967 juu ya mashamba ya kilimo inataka idhini ya halmashauri ya ardhi, nayo imeweka muda wa miezi sita tangu siku ya kupatana ili maombi yapelekwe. Wauzaji na wanunuzi wengi wa vipande vya Ruiru na Thika wamekwenda mahakamani kwa sababu ya maneno ya namna hii.

Mwisho kuna tangazo ambalo msomaji atalikuta limebandikwa kwenye ua wa shamba, au limechapishwa katika gazeti: "change of user". Wako watu waliosoma, hata wenye vyeti, wafikirio kwamba hapo mwenye kutumia shamba anabadilishwa, mmoja atoke na mwingine aingie, nao hupita wakidhani ni habari ya jirani na mpangaji wake. Sivyo. Katika lugha ya sheria za ardhi neno "user" hapo halina maana ya mtumiaji, bali ya matumizi. Tangazo lasema kwamba mwenye shamba aomba ruhusa, chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019, ardhi iliyokuwa ya kulima iwe ya kujenga nyumba, au ya duka, au ya kiwanda. Mwenye shamba ni yule yule. Kitakachogeuka ni kazi ya udongo. Tena tangazo hilo huwaalika majirani watakaokuwa na pingamizi waipeleke kwa maandishi katika ofisi ya kaunti, kabla ya kupita siku zilizotajwa humo.